Uzi wa Saba

Gitaa lina nyuzi sita. Fundi alilijua hilo tangu utotoni, na ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatatu, alipofungua kazi ya jana yake kwenye kompyuta na kukuta nyuzi saba zimepigwa, hakushtuka. Alijiambia amechoka, akaenda kujiongezea chai.

Aliporudi zilikuwa bado saba.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe. Alikuwa ameliziba dirisha kwa matofali, akazivika kuta magodoro ya zamani na kutundika zulia zito mlangoni. Humo ndani giza lilikuwa lilelile saa sita mchana na saa sita usiku, na mtu akikohoa, kikohozi kilifia palepale mdomoni mwake. Mkewe, aliyekuwa mkunga, alikiita chumba kile kaburi lenye umeme.

Kazi iliyokuwapo ni muziki wa filamu. Mama mmoja mtengeneza filamu alikuwa amewapa miezi miwili, na mpigaji alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wake mkewe, aliyeishi nao hapo hapo nyumbani. Watu walimwita Kucha kwa sababu ya kucha ndefu za mkono wake wa kulia. Chini ya nyuzi za gitaa lake Fundi alibandika kinasa chembamba chenye macho sita, jicho moja kwa kila uzi. Waya ulitoka hapo ukaingia kwenye kisanduku, kisanduku kikaungwa na ubao wa kukanyagia kwa miguu, ubao ukaungwa na kompyuta. Kucha akigusa uzi, kompyuta iliweza kuutoa kama zeze, kama filimbi, au kama watu arobaini wanaoimba.

"Waya huu haupitishi sauti," Fundi alipenda kuwaeleza wageni. "Uweke sikioni, hutasikia kitu. Unapitisha maagizo tu. Piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Sisi tunaita midi. Kompyuta inapokea agizo, inatii."

Kila uzi ulipita kwenye chaneli yake, ya kwanza mpaka ya sita. Sasa chini ya mistari sita ya Kucha palikuwa na mstari mwingine, umejaa noti, kwenye chaneli ya saba.

Fundi alidhani ni mzunguko. Hutokea: ukiiacha kompyuta irudishe maagizo kwenye ubao, na ubao uyarudishe kwenye kompyuta, noti moja hujirudia mara mbili tatu kama mtu mwenye kigugumizi. Akakagua njia zote. Ya kurudi alikuwa ameifunga mwenyewe tangu mwanzo. Kisha akaikuza picha kwenye kioo cha kompyuta mpaka noti moja ikawa pana kama kiganja, na hapo ndipo kikombe kilipobaki hewani, hakijafika mdomoni.

Noti inayojirudia huja nyuma ya ile ya kwanza. Hizi zilikuwa mbele. Kila noti ya Kucha ilikuwa na mwenzake kwenye chaneli ya saba, na kila mara mwenzake ndiye aliyetangulia, kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa. Ilikuwa kama mtu fulani anapiga, na Kucha anafuatisha.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la majini. Lilikuwa la shemeji yake.

Kwa maana Kucha alikuwa amebadilika. Mwanzo wa kazi alikuwa akipiga ovyo, akirudia kipande kimoja mara ishirini na kutoka chumbani kwa hasira. Halafu wiki mbili zilizopita, ghafla, mkono ukafunguka. Vipande ambavyo Fundi mwenyewe aliviona haviwezekani, Kucha alivipiga mara moja tu, bila kosa, huku ameangalia ukuta. Mwenye filamu alitokwa machozi alipovisikiliza. Sasa Fundi akaanza kujumlisha mambo. Huenda Kucha ana kifaa amekificha mahali, kinachotuma noti zilizokwisha kuandikwa, na yeye anajifanya tu kupiga.

Wakati wa chakula cha mchana alimtupia neno.

"Shemeji, siku hizi unafanyia wapi mazoezi?"

Kucha alikuwa akila kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka chini ya meza. "Popote. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu. Kuna noti kwenye kazi yako sizielewi zimetoka wapi."

"Mwenye kompyuta ni wewe," Kucha akajibu bila kuinua macho. "Kama kuna noti zimeongezeka, jiulize aliyeziongeza."

Mkewe Fundi alimtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akalisogeza bakuli la mboga katikati yao. Jioni akamwambia mumewe, "Baba watoto, ukitaka kumwita ndugu yangu mwizi, mwite. Usimzungukezungukie." Fundi akasema hajamwita mtu mwizi. "Macho yako yamemwita," akasema mkewe.

Siku ya pili yake Fundi akakata shauri kuujua ukweli. Mkewe alikuwa kazini na binti yao mdogo, wa miaka minne, amempeleka shule ya chekechea. Kucha alikuwa ametoka. Fundi akaingia studio, akalifunga zulia kwa ndani, akawasha taa moja ndogo ya mezani. Gitaa lilikuwa limesimama kwenye kiegemeo chake. Akauchomoa waya kutoka kwenye gitaa. Akauchomoa kwenye kisanduku. Mwisho akauchomoa ule unaoingia kwenye kompyuta, akauzungusha na kuuweka mapajani, ncha zote mbili akiziona. Hakuna agizo lililoweza kutoka popote wala kwenda popote. Akaweka programu irekodi, akakunja mikono, akangoja.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Alianza kujionea aibu.

Kilichokuja kwanza ni harufu. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, kama unapochungulia kisima cha zamani chenye ndoo iliyooza kwa kutu, na Fundi aligeuka kutazama kama kuna bomba linalovuja, ingawa alijua chumba kile hakina bomba. Kisha kwenye kioo, taa ndogo ya chaneli ya saba ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Noti zikaanza kujipanga kwenye mstari, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayeshuka ngazi.

Hazikuwa na sauti, maana chaneli ile haikuwa imepewa ala yoyote. Fundi akaishika mausi na kuichagulia sauti ya piano, kwa kuwa piano ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha, na spika zikafunguka kwa wimbo ambao hajawahi kuusikia, wimbo wa polepole unaopanda hatua tatu na kuanguka mbili, kila noti imeguswa kwa nguvu ileile kabisa, wala si kama binadamu ambaye kidole kimoja huwa kizito kuliko kingine, na kadiri ulivyoendelea ndivyo Fundi alivyohisi kwamba anayepiga anajua kuwa yupo mtu anasikiliza, na amefurahi kusikilizwa. Aliuangalia waya mapajani mwake. Ulikuwa umelala kimya, baridi kama nyoka aliyekufa.

Alizima umeme wa nyumba nzima, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi juani mpaka meno yalipoacha kugongana.

Alasiri Kucha akarudi na kusema yuko tayari kurekodi kipande cha mwisho, kile cha mama anayeondoka nyumbani. Fundi hakumwambia kitu. Aliunga waya mahali pake, akavaa hedifoni, akampa ishara. Na Kucha, akiwa ameangalia ukuta, akapiga wimbo wa polepole unaopanda hatua tatu na kuanguka mbili. Ulikuwa uleule, noti kwa noti.

"Umeutunga lini huo?" Fundi akauliza akivua hedifoni.

"Sasa hivi," akasema Kucha. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anamuuliza mtu mwingine, "Nadhani."

Tangu hapo hawakuaminiana kabisa. Fundi alifunga studio kwa kufuli, funguo akazivaa shingoni. Kucha aliziona. Mkewe Fundi naye alianza kuwatilia shaka wote wawili, kwamba wanaficha jambo, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatazama watu wasiosema panapouma, akaanza kuwatazama.

Alhamisi asubuhi alimmiminia mdogo wake chai. Kucha, akiwa amesahau, akakipokea kikombe cha bati kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kimetoka jikoni, kinatoa mvuke. Akakishika kwa kiganja kizima, akaendelea kuongea. Dada yake akahesabu moyoni mpaka kumi na tano. Akakichukua kikombe, akaona ngozi ya kiganja imeiva nyekundu.

"Nipe mkono."

"Dada, niache."

"Nipe mkono, nimesema."

Ulikuwa wa baridi, si baridi ya mtu aliyenawa maji, ila baridi ya kitu ambacho hakijawahi kuwa na joto. Akachomoa pini kwenye nguo yake, akamdunga ncha za vidole, kimoja kimoja. Kucha alikuwa akitazama dirishani. Hakujua hata alichofanyiwa.

"Tangu lini?" akauliza dada yake.

"Miezi mitatu. Kidole cha mwisho kilianza, vikafuata vingine." Alikuwa ananong'ona, na mabega yamemshuka. "Nilimwogopa shemeji. Nilijua akigundua atamtafuta mpigaji mwingine."

"Sasa unapigaje?"

Kucha akainua macho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kucha akamwona, na badala ya kukasirika akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Siku ile ya mvua kubwa, shemeji, ulipokwenda kununua waya. Nilibaki mwenyewe studio. Nilijaribu kipande kilekile mpaka nikalia. Nikasema, kwa sauti, nilidhani nasema na kuta tu: yeyote aliyepo humu, anichezee. Ubao ukawaka chini ya mguu wangu. Sikuukanyaga. Mkono ukaondoka wenyewe."

"Na sasa?" akauliza Fundi.

"Sasa unaondoka hata kama sina gitaa."

Hawakuelewa alichomaanisha mpaka jioni ya siku hiyo. Mkewe Fundi alikuwa anaanua nguo, akaingia sebuleni na rundo kifuani. Kucha alikuwa amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi, na mtoto amekaa sakafuni amemwegemea, anapanga vifuniko vya chupa. Mkono wa kushoto wa Kucha ulikuwa umeizunguka shingo ya mtoto kwa nyuma. Haukuwa unaikaba. Ulikuwa unaishika vile gitaa linavyoshikwa shingo, dole gumba huku, vidole vinne kule, na vile vidole vinne vilikuwa vinatembea, vinabonyeza, vinatafuta.

"Mama, mjomba ananitekenya," mtoto akasema.

Mkunga hakupiga kelele. Aliziachia nguo, akamnyanyua mwanawe, akaenda naye hadi kwa jirani. Aliporudi aliwaambia wanaume, "Kesho naenda kumleta Bi Baridi. Msibishe."

Bi Baridi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali anakofanya kazi mkewe Fundi, na jina lilimpata huko. Watu walikuwa wakimfuata kimyakimya mambo yasiyo ya madaktari yanapowafika. Alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, na mkoba wa kawaida tu mkononi. Akavua viatu mlangoni pa studio, akanusa, akakunja uso.

"Huu waya unapitisha nini?" akamuuliza Fundi.

"Maagizo, mama."

"Yanatoka kwa mtu yanakwenda kwa mashine."

"Ndiyo."

"Na njia ya kurudi?"

"Nimeifunga."

Bi Baridi akamtazama Kucha. "Ya kurudi kwenye mashine, umeifunga. Huyu je, ya kwake nani aliifunga?" Akaketi kwenye kiti cha Fundi bila kukaribishwa. "Sikiliza, mwanangu. Huyu mgeni hakuiba mkono wako. Uliukabidhi. Kwa hiyo siwezi kumfukuza kama mwizi. Unauchukua mwenyewe. Utapiga ule wimbo aliokupa, mwanzo hadi mwisho. Yeye atakutangulia kama alivyozoea. Wewe usimfuate. Piga polepole, piga vibaya, kosea, lakini kila noti iwe yako. Usilingane naye hata mara moja. Ukilingana naye, umemwambia abaki."

"Sivihisi vidole, mama."

"Basi vitazame. Acha kuangalia ukuta."

Fundi akaunga nyaya, akaweka programu irekodi. Mkewe akasimama nyuma ya mdogo wake, mikono juu ya mabega yake, kama alivyozoea kusimama na wanawake walio kwenye uchungu. Bi Baridi akaukamata waya kati ya vidole viwili. Akamwashiria kwa kichwa, na Kucha akaanza.

Taa ya saba iliwaka kabla hajagusa uzi. Harufu ya chuma ikajaa. Noti ya kwanza ya Kucha ikaja nyuma sana, mbovu, imenguruma, ya pili ikakosea uzi kabisa, na Fundi, aliyekuwa amekodoa macho kwenye kioo, aliona mstari wa saba ukisitasita kama mtu anayegeuka nyuma kumtazama mwenziwe aliyechelewa. Kisha ukarudi. Ukawa unamsubiri. Kucha akichelewa, nao ukachelewa kwa ujanja ili wakutane, akiharakisha, nao ukaharakisha, na ilimbidi ayumbe, adokoe, aruke, jasho likimdondoka puani hadi kwenye mbao za gitaa, huku mkono wa kushoto ukivutwa upande mmoja na yeye akiuburuta upande mwingine kwa nguvu ya bega, akilitazama kila dole na kuliambia kwa midomo isiyotoa sauti, wewe hapa, wewe pale, na magodoro ukutani yakaanza kutoa mlio mdogo kama pumzi inayovutwa ndani na haitolewi, na taa ya mezani ikafifia, na dada yake akazidi kumkandamiza mabega akinong'ona, "Bado kidogo, mdogo wangu, bado kidogo, usisukume, vuta pumzi," na Fundi akaona kwamba zimebaki hatua kumi, zimebaki nane, zimebaki tatu, na noti ya mwisho ya chaneli ya saba ikalia peke yake na kubaki imening'inia, ndefu, ikingoja, na Kucha akaingoja nayo, akangoja mpaka ikachoka, ndipo akapiga yake.

Taa ya saba ikazimika.

Kucha akaliacha gitaa likaanguka, akaukumbatia mkono wake, akaanza kulia kwa maumivu. Kiganja kilikuwa kinamuwasha pale alipoungua Alhamisi. Dada yake akacheka na kulia kwa pamoja, akamdunga pini, na Kucha akamtukana kidogo.

Bi Baridi alivaa viatu vyake. Pale mlangoni akamvuta Fundi pembeni. "Wewe ndiye uliyekuwa unaangalia kioo," akasema. "Hakulingana naye?"

"Hakulingana," Fundi akajibu, maana hakuwa ameona kitu.

Wote walipokwisha kutoka studioni, alirudi kuhifadhi kazi. Alikusudia kuzima tu. Lakini wiki nzima ya kutilia shaka ilikuwa imemzoeza vibaya, akajikuta anaikuza picha na kuipitia, noti baada ya noti, mstari wa Kucha na mstari wa saba. Zilipishana. Zilipishana. Katikati kabisa ya wimbo, kwenye ile sehemu ya kuharakisha, alisimama.

Palikuwa na noti mbili zilizoanza pamoja. Aliikuza mpaka mwisho wa uwezo wa programu, akitafuta japo mwanya wa unywele kati yao. Hapakuwa na mwanya.

Aliegemea kiti. Alimsikia mkewe jikoni akiimba, jambo ambalo hakulisikia tangu Jumatatu. Akamsikia binti yake, aliyekwisha kurudishwa kutoka kwa jirani, akimwita mjomba wake aje atazame kitu. Fundi akaweka kidole kwenye mausi, akaichagua ile noti ya chaneli ya saba, moja tu, akaifuta. Akahifadhi. Akatoka.

"Vipi huko?" mkewe akauliza.

"Safi."

Hakumwambia yeye, hakumwambia Bi Baridi, hakumwambia mtu. Kucha alikwenda kwa daktari, akapewa mazoezi ya vidole, akawa anabinyabinya mpira wa soksi mchana kutwa. Mkono ulikuwa wa moto na ulikuwa na nguvu. Mwenye filamu aliuchukua wimbo ule wenye makosa, akasema ndio mzuri kuliko yote. Nyumba ikarudi kuwa nyumba, na Fundi akaanza kujishawishi kwamba macho yalimdanganya, kwamba noti mbili katika elfu moja na mia nne haziwezi kuwa kitu.

Wiki ya tatu, mchana mweupe, walikuwa wawili jikoni wanaosha vyombo. Kucha anasuuza, Fundi anafuta. Walikuwa wanaongea habari za mpira. Kucha akampitishia sahani na kusema, kwa sauti yake ileile ya kawaida, bila kugeuka:

"Shemeji, ile noti yangu, mbona uliifuta?"